Sikio la Kulia la Fundi Elikana

Mstari ulikuwa umetulia mpaka Elikana alipoingia chumbani. Recho aliuona kwa macho yake mawili, kitambaa cha vumbi kikiwa mkononi: mstari mwembamba wa kijani uliokatiza kioo cha mashine kutoka kushoto kwenda kulia, umenyooka, hauna neno na mtu. Mumewe akavuta kiti, akakaa, na hapo hapo mstari ukaanza kutetemeka. Hakuwa amegusa kitu. Wala hakukuwa na waya wowote uliochomekwa kwenye mashine ile, zaidi ya ule unaoipa umeme.

"Umeona, Mama Leonardi?" Elikana alisema kwa sauti ya chini. "Unatikisika wenyewe. Kuna kelele humu ndani."

"Kelele gani? Mbona mimi sisikii?"

"Siyo ya kusikia kwa masikio. Ni umeme mchafu. Kuna kitu mahali fulani kinauvujisha, na hii mashine inauona. Sasa nitapimaje vitu vya watu na mstari unacheza namna hii?"

Recho akaguna, akarudi jikoni kwa maharage yake. Hakumwambia kwamba alipokuwa peke yake chumbani mstari haukutikisika hata kidogo. Mke mwingine angesahau. Recho hakusahau, maana chochote kilichotikisika mumewe alipokaribia, yeye alikuwa na desturi ya kukifuatilia mpaka mwisho wake.

Gungu nzima, mtaa wao hapo Kigoma, ilimjua kwa wivu, na tusimsingizie, hata yeye alijijua. Aliwahi kumsindikiza mteja mmoja wa kike aliyetoka Ilagala mpaka kijiwe cha bodaboda, kwa upole kabisa, kwa sababu tu mama yule alicheka kuliko redio yake ilivyohitaji. Jirani yake Révérienne, Mrundi muuza vitenge aliyeolewa mtaa ule ule, alikuwa akimtania: "Sha, mume wako ana kitambi, na kandambili zake moja nyekundu moja bluu. Nani atamwiba?" Recho alicheka, lakini mashati aliendelea kuyanusa kabla ya kuyafua. Elikana wa kwenye Biblia alikuwa na wake wawili waliooneana gere. Huyu wa Gungu alikuwa na mmoja, na Recho alikusudia ibaki hivyo.

Lakini kilichomuuma kuliko wanawake wote wa Kigoma ilikuwa kazi ya mumewe. Elikana alitengeneza redio, televisheni na taa za sola za wavuvi wa dagaa, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na sifa yake ilikuwa sikio. Ukimletea redio iliyokufa, aliiegemezea sikio lake la kulia mgongoni, akafumba macho, akanyamaza. Midomo ilimcheza kidogo, kama mtu anayejibu salamu ya mbali. Halafu alitabasamu, akaingiza kidole ndani na kusema, "Huyu hapa." Hakukosea. Watu walifunga safari kutoka Mwandiga kuja kuliona sikio hilo likifanya kazi. Na tabasamu lile, Recho aliyefunga naye ndoa kanisani, aliyemzalia Leonardi ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, hakuwahi kupewa hata nusu yake. Aliolewa na mtu mwema ambaye moyo wake ulikaa chumba kingine, na yeye alitaka aletewe.

Kisha ikaja mashine. Elikana aliipata kwenye mnada wa mradi uliofungwa pale mjini, mashine nzito ya kuonyesha mwendo wa umeme kwa mstari kwenye kioo. Mafundi huiita skopu. "Sasa nitaona kwa macho kile nilichokuwa nasikia," alisema, akaipangusa kwa kanga mpya ya Recho bila kuomba. Tangu siku hiyo hakuliegemeza tena sikio kwenye redio ya mtu. Na tangu siku hiyo mstari haukutulia mbele yake.

Wakaanza kuwinda. Ndiyo, wakaanza wawili, maana safari hii Elikana alihitaji mtu wa pili, na Recho aliitika kabla hajamaliza kuitwa. Walizima friji. Walizima king'amuzi, taa, chaja za simu. Elikana akashusha swichi kubwa ya nyumba nzima, akaiwasha mashine kwa betri ya sola, na mstari ukaendelea kutetemeka. Akamtuma Recho kwa kijana wa kuchomelea mageti aliyekuwa mtaa wa nyuma, amwombe asimamishe kazi kidogo. Kijana akasimamisha. Mstari haukusimama.

"Basi tuupe njia," Elikana akasema. Akachimba nyuma ya jiko, akapigilia fimbo ya shaba ardhini, akaizungushia mkaa na chumvi ya Uvinza, akamwaga maji, kisha akavuta waya kutoka kwenye fimbo ile mpaka mezani. "Umeme mchafu ukipata njia ya kwenda ardhini, hauna sababu ya kukaa ndani. Unakwenda zake."

Haukwenda. Ndipo akachukua redio ndogo ya mkononi, akaiweka katikati ya stesheni, mahali pasipo na mtangazaji wala muziki, ikawa inatoa sauti ya mchirizo mwembamba tu.

"Shika hii," akamwambia mkewe. "Tembea nayo pole pole. Pale utakapoisikia inanguruma, hapo ndipo uchafu unapotoka."

Recho aliishika kwa mikono miwili. Haikuwa kawaida kupewa kifaa cha kazi, akajisikia vizuri, tuseme kweli, akajisikia bibi harusi. Alizunguka kuta. Alisimama chini ya mita. Alitoka nje mpaka kwenye nguzo yenye transfoma, watoto wa jirani wakimshangaa, na redio haikubadili sauti. Aliporudi mlangoni ikaanza kupanda. Akasogea mezani, ikapanda. Akapita nyuma ya mumewe aliyekuwa ameinama juu ya mashine, ikanguruma mpaka mkono ukafa ganzi. Akaisogeza begani kwa Elikana, shingoni, kisha kwenye sikio la kulia, na pale mngurumo ukakatika ghafla. Palikuwa kimya. Ndani ya kile kimya mtu alikuwa anapumua.

Recho akanusa, kwa mazoea tu. Sikio la mumewe lilinuka risasi iliyoyeyuka, ile ya kuunganishia waya, na chini ya risasi ile palikuwa na harufu nyingine tamu, ya mwili wa mwanamke aliyetoka kuoga.

"Vipi?" Elikana akauliza bila kugeuka. "Umepata?"

"Hamna kitu," Recho akasema, akaizima redio.

Jioni hiyo aliipekua simu ya mumewe mwanzo hadi mwisho. Alikuta wateja, alikuta kwaya, alikuta ujumbe wa Leonardi akiomba viatu. Mwanamke hakuwemo. Angefurahi kama angekuwemo, maana mwanamke wa kwenye simu unamjua kwa jina na unakwenda mpaka kwake.

Siku ya jambo lenyewe umeme ulikatika mtaa mzima wakati wa adhuhuri, saa ile ambayo wazee hukataza watu kumwaga maji ya moto uani bila kuwapisha wasioonekana. Elikana alikuwa amelala mkekani chini ya meza yake ya kazi, kama alivyozoea jua likiwa kali. Recho aliingia kuchukua beseni. Kioo cha mashine kilikuwa cheusi, na ilikuwa haki yake kuwa cheusi, kwa kuwa betri ilikuwa imechomolewa na umeme haukuwepo Gungu nzima. Alipoinama akaona mwanga wa kijani ukitambaa ukutani. Akainua kichwa, akauona mstari umejichora kwenye kioo kilichokufa, ukipanda na kushuka, ukipumzika na kupanda tena, kwa mwendo ambao haukuwa wa umeme hata kidogo bali wa mtu anayeongea kwa kunung'unika, na mara ile redio ndogo iliyokuwa rafuni, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitoa betri asubuhi ile ili apate za tochi, ikaanza kutoa mchirizo wake, na ndani ya mchirizo ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya karibu, ya mtu aliyeonewa na anayejua kuwa ameonewa, ikimwita mumewe kwa jina lake tupu ambalo Recho hakuwahi kulitamka tangu amzalie mtoto.

"Elikana," ilisema. "Elikana. Ulikuwa unanisikiliza mimi. Sasa unamwangalia yeye."

Na Elikana, macho yamefumbwa, usingizini, akajibu kwa unyenyekevu: "Nisamehe."

"Kioo hicho kinakujua? Kilikuwepo ulipokuwa mtoto ukifungua redio ya baba yako kwa kisu? Nani alikwambia pa kugusa?"

"Wewe."

"Basi nitakitikisa mpaka ukitupe."

Beseni lilimponyoka Recho. Mstari ukazimika. Elikana akajigeuza upande wa pili, akakoroma.

Alikimbilia kwa Révérienne bila viatu. Walikaa nyuma ya marobota ya vitenge, wakaongea wakiwa wameshikana mikono, kwa minong'ono, ingawa dukani hapakuwa na mteja.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Révérienne akasema. "Oya, hili siyo la mchungaji peke yake. Mimi nakupeleka kwa Bi Mauwa, mganga wa Ujiji. Usimwambie mumeo kwanza."

Bi Mauwa walimkuta barazani anachambua dagaa. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, na hakuonyesha kushtuka. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na kazi, kisha akauliza swali moja tu: mume alianza lini kusikia? Recho akamweleza habari ya kisu na redio ya baba.

"Basi huyo alikuwepo kabla yako, mwanangu," Bi Mauwa akasema. "Na hana ugomvi na wewe. Anagombana na hiyo mashine. Kwake yeye mumeo ameleta mke mwingine ndani bila kuwaarifu wakubwa."

"Wakubwa gani? Mke ni mimi."

"Wewe ni mdogo. Mkubwa ni yeye."

Révérienne akatazama chini. Recho alihisi maneno yale yanamwingia taratibu, yanatafuta pa kukaa.

"Njia ni mbili," Bi Mauwa akaendelea. "Ya kwanza ni ya heshima, ndiyo mila yetu hapa Ujiji mume akioa. Mke mkubwa anapewa chake, anatulizwa. Nunua doti ya kanga, itandike mezani kwa mumeo, umwombe radhi wewe mwenyewe, na mume aiondoe ile mashine. Atatulia, mtaishi kama mlivyoishi. Ya pili ni kumtoa. Lakini akitoka, atatoka na alichokuja nacho. Hilo mumeo aulizwe kwanza. Mali ni yake."

"Nimpigie magoti? Mimi, kwenye nyumba yangu?"

"Magoti ni magoti tu. Yanauma siku moja."

"Nataka atoke, Bi Mauwa. Leo hii."

Bi Mauwa alimtazama juu ya miwani. Angeweza kukataa, na baadaye Révérienne alimlaumu kwa kutokukataa. Lakini mganga naye ni mtu, na aliyempigia hodi ni mwanamke anayelia. Akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, akalitia kwenye chupa. "Nusu anywe, nusu limwingie sikioni. Na umtafutie huyo mtu njia ya kutokea. Asiye na njia hatoki, anahamia tu kwa aliye karibu. Na siku hiyo moyo wako uwe mweupe, mwanangu. Wivu anaujua, ndiyo lugha yake."

Recho alikuwa na njia. Iko nyuma ya jiko, ya shaba, imezungushiwa mkaa na chumvi. Kuhusu moyo, aliifunga tu chupa kwenye pindo la kanga.

Kesho yake mchana, chai ya Elikana ikiwa imeshabeba nusu ya chupa, alimsubiri alale. Akapiga magoti mkekani, magoti yale yale aliyokuwa amekataa kuyapiga, akaufunga waya wa ardhini kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, akamgeuza kichwa kwa upole, akamdondoshea kombe sikioni tone baada ya tone, na kwa kila tone redio isiyo na betri iliguna rafuni, na kioo kikawaka, na mstari ukaruka juu na chini mpaka ukajaza kioo chote kwa kijani, na vifaa vya watu vilivyokuwa vikingoja kutengenezwa, televisheni na taa za wavuvi na redio za Mwandiga, vyote vikaanza kuvuma pamoja kwa sauti moja ya mwanamke anayelia akijizuia asilie.

"Mdogo wangu," sauti ikasema. "Unanifukuza?"

Recho akauma kanga, akaendelea kudondosha.

"Nilikuachia usiku. Nilichukua mchana tu. Siku gani ulikosa zamu yako? Nilikukosea nini, mdogo wangu?"

"Usiniite hivyo!" Recho akapiga kelele, na akamwaga chupa yote.

Nyuma ya jiko kitu kikapiga mshindo. Alipotoka kutazama, chumvi ilikuwa inachemka kuzunguka ile fimbo, inatoa moshi unaonuka risasi. Baada ya muda ikatulia. Ndani, mstari ulikuwa umenyooka, na Elikana alikuwa ameketi mkekani anauangalia waya mkononi mwake. Aliufungua mwenyewe, akauweka chini.

Recho alipika wali na samaki wa migebuka siku hiyo. Aliimba. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa, mstari ukimtii fundi kila alipougusa, na Recho alikaa mlangoni akingoja mumewe ageuke amwone.

Elikana hakugeuka. Alichukua redio ya mteja, akaiegemezea sikio la kulia, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Alichukua nyingine. Alipofika kwenye ya mwisho machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na yeye hakuyafuta.

"Kimya," akasema. "Mama Leonardi, ni kimya kabisa."

Hakula. Wateja walikuja na kuondoka na vitu vyao vibovu. Aliweza kupima, mashine ilikuwepo, lakini alikuwa kama mtu aliyesahau kwa nini anapima. Alinyoa nywele. Recho alipomwona na kichwa kile cha msiba alipandwa na hasira, maana Elikana alipofiwa na mama yake mzazi, alichimba kaburi, akala pilau, akarudi kazini. Na sasa analilia nani? Mwanamke aliyepo unaweza kumtukana, unaweza kumfungia mlango. Aliyeondoka hana kosa hata moja. Recho aligundua kuwa sasa anamwonea wivu kuliko alipokuwepo, tena wivu wa kumkosesha usingizi, na akatamani, Mungu amsamehe, kuwa yeye ndiye aliyefukuzwa, ili aliliwe vile.

Jumamosi moja alikuwa akiosha vyombo uani, Elikana akatoka na jembe. Akachimba nyuma ya jiko, akaing'oa fimbo ya shaba, akaikumbatia na udongo wake, akaingia nayo ndani. Shimo likabaki wazi hatua chache kutoka pale Recho alipochuchumaa, na maji ya vyombo yakaanza kutiririkia humo. Alihisi baridi ikimpanda miguuni kutoka kwenye maji yale. Akajifunga kanga vizuri, akaendelea kusugua sufuria.

Jua lilipokuwa linashuka alimpelekea uji. Aliukuta mlango wazi, mumewe amesimama wima mbele ya mashine, na mstari unatetemeka.

"Kaa hapo hapo," Elikana akanong'ona. Akatwaa redio ndogo, akaizungusha chumbani. Kwenye kuta, mchirizo tu. Kwenye fimbo, mchirizo tu. Akageukia mlangoni, ikapanda. Akapiga hatua, ikapanda. Alimkaribia mkewe huku redio ikinguruma, akaiinua mpaka usawa wa kifua cha Recho, na pale mngurumo ukakatika.

Elikana akatabasamu. Lilikuwa lile lenyewe, zima, halijapunguzwa kitu, na lilimwelekea Recho usoni.

"Umerudi," akasema.

Recho angeweza kusema hapana. Angeweza kuangusha uji akakimbia kwa Révérienne, na usiku ule ule Bi Mauwa angeitwa. Lakini macho yale yalikuwa yanamtazama, na hakuwa amewahi kutazamwa namna ile na mtu yeyote duniani.

"Nimerudi, Elikana," akasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemwazima. Mumewe akamkumbatia, kibakuli cha uji kikamwagika katikati yao wala hakujali, akaliegemeza sikio lake la kulia shingoni kwa mkewe, akafumba macho, midomo ikaanza kumcheza. Recho naye akafumba macho. Alipata raha.

"Ni Recho aliyekufukuza," Elikana akamnong'oneza. "Nilijua tangu nilipoukuta ule waya mkononi. Niambie tu unavyotaka. Tumfanye nini?"

Recho akafungua mdomo aseme ni mimi, Baba Leonardi, ni mimi mkeo, nilikuwa nakudanganya. Ulimi ulikuwa mzito, una ladha ya risasi. Akausukuma, haukwenda. Kisha ukaanza kutembea wenyewe, polepole, bila haraka yoyote.

"Mwache tu," mdomo wake ukamjibu mumewe. "Ni mdogo wangu. Atazoea."